Kabla fundi hajachimba msingi: Kazi gani ya nyumbani inahitaji kibali cha ujenzi?

MCHEZO umetoka, fundi amepatikana na matofali yameshushwa mbele ya geti. Kwa familia nyingi za mjini, maandalizi ya ujenzi huishia hapo: fedha, fundi na vifaa. Suala la kibali hukumbukwa siku ambayo ofisa wa halmashauri anapita mtaani, anasimama mbele ya ukuta mpya, anachovya brashi kwenye rangi nyekundu na kuchora alama ya X.

Siku hiyo maswali huwa yale yale. "Hiki ni chumba kimoja tu cha watoto, nacho kinahitaji kibali?" "Nyumba ni yangu na kiwanja ni changu, kosa liko wapi?" "Mwenyekiti wa mtaa alikuwa anapita hapa kila siku, mbona hakunikataza?"

Wanaouliza hivyo si wakaidi. Wazazi wengi wanaamini kibali kinamhusu anayejenga nyumba mpya, tena ya ghorofa. Anayeongeza chumba uani, anayezungusha ukuta au anayegeuza sebule kuwa darasa la chekechea hajihesabu kuwa ni mjenzi. Anajiona anatengeneza nyumba yake tu.

Lakini halmashauri haipimi kazi kwa wingi wa fedha iliyotumika wala kwa udogo wa chumba. Inaangalia kazi hiyo inafanya nini kwenye jengo na kwenye kiwanja.

Sheria inasemaje

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inazuia mtu kuendeleza ardhi iliyo ndani ya eneo la mipango miji bila idhini ya mamlaka ya upangaji. Mamlaka hiyo ni halmashauri ya jiji, manispaa, mji au wilaya, kutegemea mahali kiwanja kilipo. Zipo pia kanuni za mwaka 2008 za kudhibiti uendelezaji wa miji, ambazo ndizo maofisa wa halmashauri huzitumia wanapokagua michoro na majengo.

Neno "kuendeleza" lina maana pana kuliko wengi wanavyodhani. Linahusu kujenga jengo jipya, kuongeza sehemu kwenye jengo lililopo, na pia kubadilisha matumizi ya jengo au kiwanja hata kama hakuna tofali jipya lililowekwa.

Mzazi asiye na muda wa kusoma sheria anaweza kujiuliza maswali matatu kabla ya kumlipa fundi. Jibu likiwa "ndiyo" kwa swali lolote kati ya hayo, safari ya kwanza ni ya halmashauri, siyo ya duka la vifaa.

Swali la kwanza: Je, kuna kitu kinaongezeka kwenye kiwanja?

Hapa ndipo familia nyingi huingia bila kujua. Mtoto wa tatu amezaliwa, au bibi ameletwa kutoka kijijini kwa matibabu, na vyumba havitoshi. Fundi anaambiwa achimbe msingi nyuma ya nyumba. Banda la uani lenye vyumba viwili na choo ni jengo jipya, hata kama litatumia ukuta wa uzio kama ukuta wake wa nyuma. Linahitaji kibali.

Ndivyo ilivyo kwa kuongeza chumba ubavuni, kufunga kibaraza kiwe chumba, kujenga fremu za duka upande wa barabara, kujenga ukuta wa uzio, na kuchimba shimo jipya la maji taka. Kubomoa jengo lililopo nako huombewa kibali, kwa sababu ukuta unaoanguka hauchagui upande wa jirani wala njia ya watoto wa shule.

Sababu haiishii kwenye nguvu za kuta. Kila kiwanja kilichopimwa kina nafasi ambayo haitakiwi kujengwa: mbele, nyuma na pembeni. Nafasi hiyo inaingiza hewa na mwanga, inaacha njia ya maji ya mvua, na inazuia moto wa nyumba moja kurukia ya pili. Familia inapojaza kiwanja chote kwa vyumba vya kupangisha, gari la zimamoto linakosa pa kupita, na shimo la maji taka linakaa chini ya dirisha la mahali watoto wanapolala.

Shimo hilo lenyewe linastahili kufikiriwa. Nyumba iliyochorwa kwa ajili ya watu watano ikiwa na watu kumi na wawili, shimo linajaa mapema na kuanza kutiririsha. Kama kuna kisima karibu, cha familia au cha jirani, maji machafu yanaweza kupita ardhini hadi kwenye maji ya kunywa. Ndiyo maana michoro inayopelekwa halmashauri hutakiwa kuonyesha pia mfumo wa maji safi na maji taka, na ofisa afya ni miongoni mwa wanaoipitia.

Mipaka nayo huibua kesi nyingi. Ukuta wa uzio ukiingia hatua mbili kwa jirani, ugomvi unaweza kurithiwa na watoto. Ukiingia kwenye hifadhi ya barabara, utabomolewa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ikipimwa kutoka katikati ya barabara. Zipo barabara zenye hifadhi kubwa zaidi ya hapo. Mwaka 2017, nyumba kati ya Kimara na Kiluvya, jijini Dar es Salaam, zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, ambako hifadhi iliyotajwa ilikuwa mita 121.5 kila upande. Miongoni mwa zilizoanguka zilikuwa nyumba za kuishi ambazo familia zilikuwa zimekaa kwa miaka mingi.

Kwa wanaoishi karibu na mto, ziwa, bwawa au bahari, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 ambazo hazitakiwi kuwa na shughuli za kudumu za binadamu. Desemba 2015 familia za Bonde la Msimbazi, jijini Dar es Salaam, zilishuhudia matingatinga yakiingia. Aliyeuziwa kiwanja bondeni kwa bei nafuu, bila kuuliza popote, ndiye aliyebeba hasara, siyo aliyemuuzia.

Swali la pili: Je, kazi inagusa kinachobeba nyumba?

Ukarabati ndio unaowachanganya watu zaidi. Hakuna jengo jipya, kiwanja ni kile kile, na kazi yote inafanyika ndani. Hata hivyo, kazi ya ndani inaweza kuwa ya hatari kuliko ya nje.

Mfano wa kawaida ni kuvunja ukuta kati ya sebule na chumba cha kulia ili pawe wazi. Katika nyumba nyingi za matofali hazipo nguzo za zege. Kuta zenyewe ndizo zinazobeba linta, mkanda na kenchi. Kuutoa ukuta mmoja ni kuutoa mguu wa meza. Huenda nyumba isianguke siku hiyo. Itaanza na ufa mwembamba juu ya mlango, kisha mlango wa chumba cha jirani utagoma kufunga, na masika yakija ufa utapanuka.

Mfano mwingine ni kupandisha ghorofa juu ya nyumba ya chini. Hapa hesabu ndogo inasaidia. Zege lina uzito wa takribani kilo 2,400 kwa kila mita ya ujazo. Slabu ya chumba chenye mita 4 kwa 4, ikiwa na unene wa sentimita 15, ina karibu mita za ujazo 2.4 za zege. Huo ni uzito unaokaribia tani 6 kwa chumba kimoja, kabla hujahesabu kuta za juu, vigae, vitanda na watu. Bati na mbao zilizokuwa juu ya chumba hicho hicho hazifiki hata tani moja. Msingi uliochimbwa kwa ajili ya kubeba bati hauwezi kubebeshwa mzigo huo kwa sababu tu fundi amesema "udongo wa hapa ni mgumu."

Tanki la maji nalo ni mzigo. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani 1, na tanki la lita 5,000 likijaa ni tani 5 zilizokaa mahali pamoja. Anayetaka kuliweka juu ya choo cha nje au juu ya slabu ya kibaraza amuulize kwanza mhandisi, siyo muuza matanki.

Nchi imeshalipia somo hili kwa maisha ya watu. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo lililokuwa likiendelea kujengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Lilikuwa limefikia ghorofa 16, nyingi kuliko zilizoruhusiwa kwenye kibali chake. Jirani palikuwa na msikiti, na watoto walikuwa wakicheza karibu na eneo hilo. Kibali kilikuwepo, lakini kilichojengwa hakikuwa kilichoruhusiwa.

Novemba 16, 2024, jengo la biashara lilianguka Kariakoo likiwa na watu ndani, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Wafanyabiashara wa eneo hilo walivieleza vyombo vya habari kwamba kazi ya kupanua sehemu ya chini ya jengo ilikuwa imeanza. Serikali iliunda kamati ya kuchunguza majengo mengine ya Kariakoo.

Majengo hayo yalikuwa makubwa, lakini kanuni ya uzito haina kubwa wala ndogo. Kuongeza mzigo juu, kuchimba chini ya msingi, kuondoa ukuta au nguzo, kupanua dirisha hadi liwe mlango wa gari, au kubadilisha umbo la paa ni kazi zinazohitaji mchoro, mtaalamu na kibali cha ukarabati.

Kwa jengo la ghorofa masharti huongezeka. Michoro ya usanifu huandaliwa na msanifu majengo aliyesajiliwa, na michoro ya nondo na zege huandaliwa na mhandisi aliyesajiliwa. Ujenzi nao hufanywa na mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997. Ndiyo maana mbele ya majengo ya aina hiyo kuna bango lenye majina ya mmiliki, msanifu, mhandisi na mkandarasi. Mzazi ambaye watoto wake hupita kando ya jengo kama hilo kila asubuhi ana haki ya kusimama na kulisoma. Bango lisipokuwepo, ana haki ya kuuliza kwa mtendaji wa mtaa au kata.

Swali la tatu: Je, matumizi ya nyumba yanabadilika?

Akina mama wengi wameanzisha biashara nyumbani: saluni, duka, mgahawa, kituo cha kulelea watoto mchana. Mara nyingi jengo haliguswi kabisa. Rangi inapakwa, viti vinaletwa, kibao kinatundikwa getini. Lakini kiwanja kilichotengwa kwa makazi kikigeuzwa kuwa cha biashara, shule au nyumba ya wageni, hayo ni mabadiliko ya matumizi, na huombewa idhini yake.

Kwa kituo cha watoto, jambo hili lina uzito wa pekee. Sebule iliyotosha familia ya watu sita ikijazwa watoto thelathini, mlango mmoja hautoshi kuwatoa wote moto ukizuka. Madirisha yenye nondo yasiyofunguka kwa ndani yanageuka kuwa mtego. Choo kimoja hakitoshi. Kisheria, kituo cha kulelea watoto mchana husimamiwa pia na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na usajili wake hupitia kwa maofisa ustawi wa jamii. Kwa hiyo mwenye kituo ana milango miwili ya kubisha: wa ustawi wa jamii kwa ajili ya malezi, na wa mipango miji kwa ajili ya jengo.

Mzazi anayempeleka mtoto anaweza kuuliza bila aibu: "Mwalimu, kituo kimesajiliwa? Jengo limekaguliwa na zimamoto?" Mwenye kituo aliyefuata utaratibu atajibu kwa furaha. Na kila mlezi, nyumbani na kituoni, aijue namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambayo ni 114.

Kazi ambazo kwa kawaida si tatizo

Siyo kila nyundo inayogonga inahitaji kibali. Kupaka rangi, kubadilisha vigae, kuziba bati linalovuja, kubadilisha kitasa au mlango kwa ukubwa ule ule, kurekebisha bomba, kuweka makabati ya jikoni: hizi ni kazi za matunzo. Haziongezi jengo, hazigusi kinachobeba nyumba na hazibadilishi matumizi.

Tahadhari ni pale kazi ndogo inapokua njiani. Fundi ameitwa kubadilisha bati, anagundua mbao zimeliwa na mchwa, na kwa kuwa paa lishafumuliwa anashauri liinuliwe ili kipatikane chumba cha juu. Hapo kazi imehama kutoka kwenye matunzo na kuingia kwenye ujenzi. Isimame, na swali lipelekwe halmashauri. Kuuliza hakuna malipo.

Umeme nao, hata pasipo kibali cha ujenzi, hauachiwi kila anayejua kuunga nyaya. Mafundi umeme hupewa leseni na EWURA, na mzazi anayeongeza soketi kwenye chumba cha watoto amwombe fundi aonyeshe leseni yake.

Muhuri wa mtaa si kibali

Hili ndilo kosa linaloumiza familia nyingi. Mwenye kiwanja anakwenda ofisi ya serikali ya mtaa, anajitambulisha, anaandikiwa barua na kugongewa muhuri. Anarudi nyumbani akiamini amemaliza.

Barua ya mtaa ina kazi yake. Inamtambulisha mkazi, inathibitisha kwamba majirani wanamfahamu, na inaweza kuwa sehemu ya viambatanisho vya maombi. Lakini mwenyekiti wa mtaa na mjumbe hawana mamlaka ya kutoa kibali cha ujenzi. Mamlaka hiyo ni ya halmashauri. Kimya chao nacho si ruhusa: mwenyekiti kupita mbele ya msingi bila kusema neno hakumzuii ofisa wa halmashauri kuusimamisha ujenzi kesho yake.

Vivyo hivyo, hati ya kiwanja si kibali. Hati inasema ardhi ni ya nani na itumikeje. Kibali kinasema jengo gani lijengwe hapo, wapi na kwa namna gani. Mwenye hati bila kibali bado anajenga kinyume cha utaratibu.

Namna ya kuomba

Siku hizi maombi hupitia mfumo wa kielektroniki wa Tausi, ulio chini ya Ofisi ya Rais-TAMISEMI, na mtu anaweza kuufungua kwa simu. Asiyeweza kuutumia anakwenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri yake na kuomba kuelekezwa. Mambo ya kuandaa ni haya:

- Uthibitisho wa umiliki: hati miliki, barua ya toleo, au nyaraka nyingine ambayo halmashauri inaikubali.
- Mkataba wa mauziano au makabidhiano, kama kiwanja kilinunuliwa na jina bado ni la mmiliki wa awali.
- Risiti ya kodi ya pango la ardhi iliyolipwa.
- Michoro ya jengo: mpangilio wa vyumba, sura za nje, mkato wa jengo, msingi na paa.
- Mchoro unaoonyesha jengo likiwa ndani ya kiwanja, na umbali wake kutoka kila mpaka.
- Namba ya kiwanja na kitalu, jina la mmiliki, jina la mchoraji, na matumizi ya jengo.
- Kwa ghorofa, michoro ya mhandisi inayoonyesha nondo, nguzo na mihimili.

Ada hutofautiana kati ya halmashauri na halmashauri, na hutegemea pia ukubwa na aina ya jengo. Malipo yote ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kupitia benki au simu. Anayetaka fedha mkononi ili "aharakishe" hatoi risiti, na siku ukuta ukichorwa X hatapatikana kwenye simu.

Nyumba za urithi zina jambo lake. Baba amefariki, hati ina jina lake, na watoto wanataka kuongeza vyumba ili mama apate kodi. Maombi yakienda kwa jina la mtoto mmoja ambaye hayumo kwenye hati, yatakwama, au yatazua ugomvi na ndugu zake. Utaratibu mzuri ni familia kukaa kikao, kufungua mirathi mahakamani, na msimamizi wa mirathi ndiye ashughulikie ardhi. Inachukua muda, lakini inaepusha siku ambayo ndugu mmoja atasema vyumba ni vyake kwa kuwa ndiye aliyejenga.

Kiwanja ambacho hakijapimwa

Sehemu kubwa ya wakazi wa miji wanaishi kwenye maeneo yaliyojengwa kabla ya kupimwa. Huko hakuna hati, na mara nyingine hakuna hata njia ya gari. Kwa familia hizo, kuambiwa "lete hati" ni kama kufungiwa mlango.

Njia iliyopo ni urasimishaji wa makazi, ambapo wakazi wa eneo hushirikiana na halmashauri kupanga mitaa, kuacha njia, kupima viwanja na hatimaye kupata hati. Maeneo mengine yana leseni za makazi, ambazo ni haki ya muda na huhuishwa. Kabla ya kujenga, mwenye eneo aulize halmashauri mambo mawili: je, eneo hili limo kwenye mpango wa urasimishaji, na je, mchoro wa mipango miji unaonyesha nini hapa? Wapo waliojenga chumba cha watoto kumbe mchoro unaonyesha barabara.

Wanaojenga vijijini nao wasidhani hili haliwahusu. Miji inapanuka, na kijiji cha leo kinaweza kutangazwa eneo la mipango miji kesho. Hifadhi ya barabara na mita 60 za kandokando ya maji ziko hata kijijini. Kuuliza kwa mtendaji wa kijiji na ofisi ya ardhi ya wilaya kunatosha kujua eneo liko kwenye hali gani.

Fundi akiwa kazini

Kibali kikitoka, kisomwe chote, pamoja na masharti na tarehe ya mwisho ya matumizi yake. Familia nyingi hujenga kidogo kidogo, msingi mwaka huu na kuta mwaka ujao. Muda wa kibali ukiisha kabla ya nyumba, aombe kuuhuisha badala ya kuendelea kimyakimya.

Nakala ya kibali na michoro iwepo eneo la ujenzi. Fundi ajenge kilichochorwa. Akishauri mabadiliko makubwa, michoro mipya iwasilishwe kwanza. Wakaguzi wa halmashauri wana haki ya kukagua, na hatua muhimu ni kabla ya kumwaga zege la msingi, kwenye jamvi, kwenye linta na kwenye slabu. Nondo zikishafunikwa na zege hakuna anayeziona tena, hivyo ukaguzi wa hatua hizo haurudiwi. Jengo likikamilika, halmashauri hulikagua kabla ya watu kuhamia.

Kuna na lile ambalo halihitaji mkaguzi. Shimo la maji taka lililochimbwa na kuachwa wazi, likajaa maji ya mvua, ni hatari kubwa kwa watoto wadogo kwenye eneo la ujenzi. Lifunikwe kila jioni kwa mbao nzito au lizungushiwe uzio, na fundi aambiwe hivyo siku ya kwanza: "Fundi, hapa kuna watoto. Shimo halilali wazi."

Kama ulishajenga bila kibali

Kujificha hakusaidii. Anayejenga bila kibali anaweza kuamriwa kusimamisha kazi, kutozwa faini, kufikishwa mahakamani, au kubomolewa kwa gharama zake mwenyewe. Alama ya X ikishachorwa, kuifuta kwa rangi nyeupe usiku kunaongeza kosa la pili.

Hatua ya kwanza ni kusimamisha kazi na kwenda halmashauri na nyaraka zilizopo. Kama jengo limekaa ndani ya mipaka, matumizi yake yanaendana na mpango wa eneo, na mhandisi akiridhika na uimara wake, upo uwezekano wa kupeleka michoro na kulipia kinachotakiwa ili jengo litambuliwe. Kama limeingia kwenye hifadhi ya barabara au kingo za mto, ni heri kujua mapema, kabla ya kuezeka. Kuvunja msingi kunauma, ila hakulingani na kuvunja nyumba yenye madirisha ya vioo na watoto ndani.

Kwa ugomvi wa mpaka na jirani, mazungumzo mbele ya uongozi wa mtaa huanza, kisha Baraza la Kata kwa upatanishi, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa uamuzi. Mwenye kibali na mchoro uliopitishwa huingia huko akiwa na kitu cha kuonyesha.

Kwa mzazi mwenye fedha mkononi na fundi anayepiga simu kila siku akiuliza ataanza lini, mpangilio wa wiki ya kwanza uwe huu. Jumatatu, atoe nyaraka za kiwanja na kutafuta bikoni zote nne. Isipoonekana moja, atafute mpima kabla ya kitu kingine. Jumanne, aende ofisi ya mipango miji akiwa na nyaraka hizo na aulize: kazi yangu ni hii, inahitaji kibali gani? Jumatano, amtafute mchoraji au mhandisi aliyesajiliwa na amwonyeshe nyumba yenyewe, siyo picha ya simu. Akishapata gharama ya michoro na ada, aziingize kwenye bajeti pamoja na saruji na nondo. Fundi ataambiwa asubiri. Fundi mzuri ataelewa, na asiyeelewa atakuwa amejulikana kabla hajachimba.